Opareshini ya kupunguza uzito: matundu ama kupasuliwa tumbo wazi?

Mimi ni nesi wa wodi ya upasuaji hapa Kisumu, na tangu niguse hii mambo kwa chama chetu maswali hayaishi, wacha niyajibu.

Swali: Hizi njia mbili ziko tofauti aje?

Ndani kazi ni ile ile, kwa mfano mfuko wa chakula unakatwa unabaki mwembamba kama ndizi, karibu 75 hadi 80% inatolewa. Tofauti ni mlango wa kuingilia. Njia ya wazi unapasuliwa katikati, kutoka chini ya kifua kushuka karibu na kitovu. Ya matundu unatobolewa kama mara tano, kila tundu kama sentimita moja, tumbo linajazwa gesi lifure kidogo ndio kamera ipite, na daktari anashona akiangalia skrini.

Swali: Sasa mbona wote wanasifu matundu?

Kidonda! Mtu mnene ana mafuta mengi chini ya ngozi, kidonda kirefu kinashika usaha haraka, halafu baada ya miezi misuli inaweza kuachana upate henia, yaani utumbo unajisukuma nje kupitia hapo, na wewe kazi yako ni kuinua gunia za omena pale soko la Kibuye, utafanyaje? Kwa matundu wengi wanaenda home siku ya pili ama ya tatu, ya wazi inakaribia wiki, na kazi ngumu ungoje kama wiki sita. Kilo zinapungua karibu sawa, na vitamini ni za maisha yote, njia yoyote ile.

Swali: Matundu madogo si ni opareshini ndogo?

Hapana jamani, hapo ndio watu wanaumia. Ule mshono wa ndani unaweza kuvuja, damu inaweza kuganda mguuni. Ukiona moyo unaenda mbio, homa, pumzi fupi, tumbo linazidi kuuma ama mguu mmoja umefura, rudi hosi usiku huo huo, usingoje siku ya kliniki.

Swali: Nikiamka nipate nimepasuliwa wazi?

Inatokea, kukiwa na makovu ya opareshini za zamani ama damu imekataa kusimama. Daktari hajaharibu, ameokoa maisha. Uliza hiyo kabla ya kuweka sahihi.

Swali: Na bega kuuma baada ya opareshini ya matundu?

Ni ile gesi ya kujaza tumbo. Kuna mama alilia akidhani ni moyo, tukampima kwanza, moyo uko sawa, nikamshika mkono tukatembea koridoni polepole mpaka dirishani na kurudi, jioni akaniambia sista, imepungua.