Daktari akikuuliza "unaonaje", siyo kwamba hajui kazi

Kila ikikaribia tarehe 10 Oktoba, siku ya afya ya akili duniani, sisi wa mahospitali tunatoka kuhamasisha na malalamiko nayo yanatufuata. Moja limenichekesha halafu likaniudhi: eti madaktari wa siku hizi mgonjwa akifika anaulizwa yeye anataka nini, sasa huyo daktari kasomea nini?

Haya. Haloperidoli na olanzapini ni dawa, zote zinatuliza zile sauti anazosikia mgonjwa peke yake, ila haloperidoli inaweza kukukakamaza shingo na kukutetemesha mikono, olanzapini inaleta usingizi na kunenepa, wengine hadi sukari inapanda. Sasa wewe fundi cherehani, au dereva unayetoka na gari saa kumi alfajiri, lipi litakuharibia kazi mimi nitaliona kwenye kipimo gani? Nisipokuuliza utameza siku nne, dawa utaiweka kabatini, mwezi ujao unaniambia "naendelea vizuri dokta" au hali ikiwa mbaya naongeza dozi ya dawa ambayo hata humezi. Na binti anayetumia sodiamu valproeti, dawa ya kifafa na ya hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, akitaka kubeba mimba aseme KABLA, ile dawa ina madhara makubwa kwa mtoto tumboni.

Wa lithiamu, nayo dawa ya hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, narudia kwa mara ya mia: damu ya kupima kiwango cha dawa mwilini inatolewa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho. Yaani umemeza saa 2 usiku, unatolewa damu saa 2 asubuhi, na kidonge cha asubuhi kama unacho unakuja nacho mfukoni, unakimeza ukishatolewa. Ukimeza kwanza majibu yanadanganya, tunakupangia siku nyingine na unaondoka na dawa za siku chache tu, hata ukija na mjumbe wa nyumba kumi. Mnaofunga Ramadhani njooni mapema tupange, mwili ukipungukiwa maji lithiamu inapanda kwenye damu na ikizidi ni sumu: kuharisha, kutapika, kutembea unayumba. Hapo husubiri tarehe ya kliniki, unakimbia hospitali.

Ila nieleweke, kushirikiana siyo ruhusa ya kuacha dawa ukijisikia nafuu. Kupunguza tunapunguza pamoja, taratibu. Na kuna siku sitauliza: mtu akiwa hatari kwake au kwa wenzake, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu alazwe bila ridhaa, kwa utaratibu wake. Ndo maana tunaandika mpango mapema akiwa mzima, dalili zake za mwanzo ni zipi (wengi usingizi unakata), nani apigiwe simu, dawa gani ilimtesa asipewe tena.

Shehe na mchungaji sina ugomvi nao, aombewe huku anameza, kumfunga kamba ndo nakataza. Na nyie ndugu mnaomsemea mgonjwa amekaa hapo hapo pembeni, "dokta huyu hasikii". Anasikia mama, si huyo anakutazama.