Nani Atakuazima Chombo? Imani, Hofu na Sanduku la Kufuli Tatu Vijijini Kigoma

Nikiitwa kijiji kipya, siku ya kwanza siendi na mradi mkononi. Tunakaa kwenye mabenchi ya kanisa, waumini na wasio waumini, Waislamu wakiwemo, tunasoma kisa cha mjane katika 2 Wafalme sura ya 4. Mume amefariki akaacha deni, na mdai yuko njiani kuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Mama anamlilia nabii Elisha. Elisha hampi fedha, anamuuliza tu: "Una kitu gani nyumbani?" Mama anasema hana kitu, ila chupa ya mafuta. Hapo watu huguna, maana kwetu Kigoma chupa ya mafuta ni chupa ya mawese, na wengi wao wamewahi kubakiwa na hiyo tu.

Mimi ni mwezeshaji wa jamii upande wa kanisa, na vijiji ninavyovizungukia viko Kasulu na Kigoma Vijijini. Kwa miaka mingi swali hilo la Elisha ndilo lililokuwa somo langu lote. Tuliorodhesha tulivyo navyo: ardhi, mikono, migomba, mtambo wa kukamua mawese wa fulani, fundi mwashi aliyerudi kutoka mjini. Watu walifurahi, tukaimba, tukaomba, nikaondoka. Nikirudi baada ya miezi sita nakuta orodha imebandikwa ukutani na maisha ni yale yale.

Bibi mmoja ndiye aliyenifumbua macho. Alisubiri nimalize, akasema, "Mwanangu, umeruka mstari. Mtumishi wa Mungu alimwambia akaazime vyombo kwa majirani zake wote. Hapa kwetu nani atakuazima chombo? Na akikuazima, utakitumia?"

Kanisa zima lilinyamaza. Mgeni asingeelewa kwa nini.

Vijijini kwetu mtu anaogopa chombo cha jirani. Anaogopa kunywea kikombe asichokijua, anaogopa kuonekana na mbolea mpya, anaogopa kuezeka bati kabla ya wenzake. Nimekaa na mwanamume mwenye uwezo wa kununua bati ishirini ambaye familia yake ilikuwa inavujiwa chini ya nyasi. Nilipomuuliza sababu alisema, "Nikiezeka, watauliza nimetoa wapi." Mali isiyojulikana ilikotoka huhesabiwa kuwa ya kichawi, na mwenye mali naye anaamini kuwa wasio nayo watamroga kwa wivu. Kila upande unaogopa. Ndipo wanapokaribishwa Kamchape, wale waganga wanaopita nyumba kwa nyumba wakidai kufichua wachawi na kuchimbua vitu walivyovizika. Wanajamii wanachangishwa fedha, mzee wa watu anaburutwa mbele ya wajukuu zake, na wakiondoka wanaacha koo mbili zisizoamkiana. Hasara hiyo haimo kwenye ripoti yoyote ya uchumi, lakini mimi naihesabu kuwa kubwa kuliko ukame.

Hofu hii ina historia pia, na tusiwaonee watu kana kwamba wamezaliwa nayo. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na wakoloni wakaufanya mkoa huu kuwa ghala la vibarua wa mashamba ya mkonge. Kuanzia 1944 kazi hiyo ya kukusanya watu ilikuwa na chombo chake maalumu, Silabu. Wanaume wa Kiha walikwenda manamba, wakarudi na fedha ambayo hakuna aliyeona ilivyopatikana, au hawakurudi kabisa. Kisha ikaja Operesheni Kigoma mwaka 1972, kaya zilizozoea kuishi mbalimbali, kila moja katikati ya migomba yake, zikahamishiwa kwenye vijiji vya pamoja. Ukajikuta umepakana na mtu usiyemchagua, ambaye hujui baba yake alizikwa wapi. Juu ya hayo ongeza vikundi vya miaka ya karibuni vilivyoanzishwa kwa kelele na kufa kimyakimya mweka hazina alipotoroka na fedha.

Baada ya maneno ya bibi yule niliacha kufundisha kwa muda, nikaenda kuzungumza na wazee wa Uamsho. Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la kiroho la Wakristo, ulichipuka Gahini, Rwanda, ukapamba moto miaka ya 1930, na moto wake ukavuka mpaka hadi kwetu. Alama yake kubwa ilikuwa toba ya wazi. Mtu alisimama mbele ya ndugu, akataja alichoiba, kisha akakirudisha: mbuzi, jembe, debe la maharage. Waliiita toba hiyo kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7, "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi." Mzee mmoja aliniambia kuwa enzi hizo uliweza kumwachia ndugu wa Uamsho ufunguo wa nyumba ukaenda safari. Nikaona kuwa dawa ya hofu yetu ilikuwa imeshakaa kwenye imani yetu wenyewe. Tuliiacha kwenye nyimbo, hatukuishusha hadi kwenye fedha.

Tulipoishusha, ilishukia kwenye sanduku la bati.

Kikundi cha hisa wengi mnakijua, lakini nieleze jinsi kinavyofanya kazi, kwa sababu uponyaji wenyewe umo humo. Mtindo huu shirika la misaada la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na sasa umeenea Afrika. Watu kati ya 15 na 30 wanaochaguana wenyewe wanakutana kila wiki. Kila mmoja ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano, na kila hisa ni muhuri mmoja kwenye kijitabu chake, hivyo hata asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake. Upo mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa. Mikopo haizidi mara tatu ya akiba ya mkopaji, na katiba wanaitunga wao. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu wasio viongozi, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Halifunguliwi mahali pengine popote isipokuwa katikati ya mkutano. Fedha inahesabiwa kwa sauti, jumla inatajwa, na wote wanaikariri kabla ya kwenda nyumbani. Mwisho wa mzunguko, miezi tisa hadi kumi na miwili, kila mtu anapata mgawo wake mbele ya macho ya wote. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne, kwa hiyo tunavisajili halmashauri.

Sasa tazama kinachotokea kijijini. Mama akiezeka bati, hakuna wa kuuliza ametoa wapi. Watu ishirini na tano waliimba naye kiasi cha mgawo wake. Wanajua alikopa mwezi wa tatu, akanunua chikichi, akakamua mawese, akarejesha. Mali yake ina ushuhuda. Nimeona nyumba sita zikiezekwa msimu mmoja katika kijiji ambacho kwa miaka kumi hakikuongeza hata moja, na sijui mahubiri mangapi ya kukemea ushirikina yangefanya hivyo. Kuna wengine wamethubutu kupanda michikichi ya Tenera, mbegu inayozalishwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga hapa hapa mkoani. Kokwa lake lina ganda jembamba na nyama ya tunda ni nyingi kuliko Dura tuliyorithi. Mchikichi unakutaka usubiri takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kuvuna, na mtu anayewahofu majirani hapandi mti wa kusubiri.

Kwa wakulima wa maharage faida ni ya haraka zaidi. Zamani wengi waliuza mazao yakiwa bado shambani ili wapate chakula, kwa bei ya mnunuzi. Mkopo mdogo wa kikundi unawavusha wiki zile za njaa.

Liko jambo linaloniuma na sitalipitia juujuu. Baadhi ya watumishi wamewafundisha watu hawa hawa kwamba fedha ya mwisho ndani ya nyumba ni mbegu ya kutoa madhabahuni ili Mungu afungue milango. Nimewaona akina mama wakirudi nyumbani bila nauli. Elisha hakuichukua ile chupa ya mafuta. Alimwambia mjane auze, alipe deni, na kinachobaki ale yeye na wanawe. Mchungaji anayetaka kijiji chake kibadilike naye anunue hisa kama wengine, akae kwenye mkeka kama wengine, na akichelewa atozwe faini. Kijiji cha kwanza ambako mchungaji alilipa faini mbele ya waumini, wanachama wapya walijaa wiki iliyofuata, nusu yao wasiosali kanisani kwake. Wala sanduku halileti zahanati wala barabara. Hayo tunayadai serikalini kama raia, tukiwa na namba ya usajili na watu wanaojua kuhesabu.

Mwaka jana nilikuwa kijiji ambacho Kamchape walikuwa wamepita. Mzee mmoja alitajwa kuwa mchawi, nyumba yake ikachimbuliwa, na tangu hapo alikuwa akisali benchi la nyuma peke yake. Tulifika kipengele cha kuchagua washika funguo. Yule bibi wa mstari nilioruka alikuwa amekuja kuwatia moyo, lakini hakusema kitu. Mama mmoja wa pale pale, ambaye familia yake ndiyo iliyochangia kuwaleta wale waganga, alisimama. Alimtaja mzee kwa jina, akamwomba msamaha akilia, kisha akampendekeza. Tukapiga kura kwa punje za mahindi, kila mmoja akitumbukiza yake kwenye kopo.

Ufunguo wa kufuli ya kati uko kwa mzee huyo hadi leo. Ameufunga kwa kamba ya kiatu na kuuvaa shingoni, na kila Jumatano hufika wa kwanza.