Theluthi Katika Picha: Nani Apewe Nafasi Kubwa?

Mtu anapoanza kujifunza kupiga picha, miongoni mwa mafunzo ya mwanzo kabisa anayokutana nayo ni kanuni ya theluthi, na mara nyingi huelezwa kwa sentensi moja: gawanya fremu kwa mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo, upate vyumba tisa vilivyo sawa, kisha weka kile unachokipiga picha kwenye mojawapo ya makutano manne ya mistari hiyo. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanakiacha nje kiini cha kanuni yenyewe. Ndiyo maana sisi tunaofundisha kazi hii huona picha nyingi ambazo mtu amesogezwa pembeni kwa utii mkubwa, huku theluthi mbili zilizobaki zikiwa hazina kazi yoyote.

Jina la kanuni hii ni kongwe kuliko kamera. Mwaka 1797 John Thomas Smith, mchoraji na mchongaji wa michoro ya kuchapwa, alitoa mjini London kitabu kuhusu mandhari ya mashambani, na humo akashauri kwamba sehemu mbili za picha zinapokutana, mathalani mbingu na nchi, zisigawane nafasi nusu kwa nusu, bali moja ichukue takriban theluthi mbili na nyingine theluthi moja. Uwiano huohuo aliutaka pia kati ya mwanga na kivuli. Hoja yake, basi, ilihusu mgawanyo, yaani sehemu ipi itawale na ipi iifuate, wala haikuhusu kulenga nukta.

Ukiielewa kanuni kwa namna hiyo, maamuzi mengi hurahisika. Chukua picha ya mandhari: kabla ya kuuliza upeo wa macho ukae kwenye mstari gani, jiulize umekuja kupiga nini. Ikiwa mawingu ndiyo yaliyokusimamisha, shusha upeo hadi mstari wa chini ili mbingu ipate theluthi mbili. Ikiwa ni mawe, nyayo au mawimbi yaliyo karibu nawe, upandishe hadi mstari wa juu, na mbingu itosheke na theluthi yake. Upeo ukikatiza katikati pasipo sababu, mtazamaji hupewa vipande viwili vyenye uzito sawa, wala haambiwi atazame kipi.

Katika picha za watu, mstari wa juu ndio wenye faida kubwa zaidi, kwa kuwa macho ya anayepigwa picha yakikaa hapo, nafasi tupu juu ya kichwa hupungua yenyewe na mwili hupata mahali pa kutua. Kama anatazama upande mmoja, aachiwe nafasi kubwa upande huo anaotazama, na vivyo hivyo kwa anayekimbia au kuendesha baiskeli: nafasi iwe mbele yake. Ukimgeuzia nafasi hiyo mgongoni, anaonekana kama anayetaka kutoka nje ya picha, jambo ambalo linaweza kufaa ukitaka kuonyesha kuondoka au upweke, ila liwe limekusudiwa. Theluthi mbili zinazobaki nazo zinahitaji kuangaliwa kwa makini uleule, maana usuli wenye nguzo, maandishi au doa la mwanga mkali utamnyang'anya mhusika macho ya mtazamaji, hata akiwa amekaa kwenye makutano barabara.

Simu nyingi na kamera za kidijitali zina gridi inayoweza kuwashwa kwenye mipangilio, na anayeanza ni vema aiache ikiwaka, kwa sababu pamoja na kuonyesha theluthi humsaidia asipige picha iliyolala upande. Katika simu, gusa uso wa mhusika kwenye kioo ili lenzi imlenge yeye alipo, kwani mashine ikiachiwa ichague yenyewe inaweza kulenga kitu kingine.

Wapo wanaosema wataweka mhusika katikati na kuirekebisha picha baadaye kwa kuikata. Inawezekana, lakini ina gharama inayohesabika. Picha yenye pikseli, yaani vinukta vidogo vinavyoiunda, 6000 kwa 4000 ina megapikseli 24, maana yake pikseli milioni 24. Ukitaka kitu kilichokuwa katikati kabisa kiangukie kwenye makutano, huku umbo la fremu likibaki lilelile, sehemu kubwa kabisa unayoweza kubaki nayo ni pikseli 4500 kwa 3000, yaani megapikseli 13.5. Karibu nusu ya picha imekwenda, ilhali hatua moja ya kusogea kando ingetosha kuiokoa.

Mara kwa mara huulizwa kama theluthi ndiyo ule uwiano wa dhahabu unaotajwa katika hisabati na sanaa. Sivyo. Uwiano wa dhahabu huikata fremu kwenye asilimia 38.2 ya upana wake, theluthi huikata kwenye asilimia 33.3, na katika upana wa pikseli 6000 tofauti ni takriban pikseli 290. Kwa maoni yangu tofauti hiyo haistahili ubishi mrefu unaofanyika juu yake, kwa kuwa picha haiharibiki mhusika akikaa kidogo huku au kule ya mstari.

Kuna picha ambazo katikati ndipo mahali pake. Mlima na kivuli chake katika maji tulivu, ukumbi wenye nguzo zinazolingana pande zote mbili, au uso unaomkabili mtazamaji ana kwa ana hupata nguvu kutokana na ulinganifu wenyewe, na kuvisogeza hadi kwenye theluthi ni kuvipunguzia nguvu hiyo. Ila ukichagua katikati, iwe katikati kwelikweli: nguzo ya kushoto ikiwa karibu na ukingo kuliko ya kulia, hata kwa kiasi kidogo, jicho litaona kasoro hiyo kabla ya kuuona ukumbi.