Mzazi mwajiriwa na hatua za kwanza za mtoto: muda upo kisheria, lakini haudaiwi

Ofisi yetu ya kazi imekuwa ikipokea wazazi wengi wenye watoto wa chini ya miaka miwili, ambao malalamiko yao hayaanzi na mshahara. Mama mmoja alipoketi mbele ya meza yangu alitoa kwanza simu, akanionyesha video aliyotumiwa na dada wa kazi: mtoto anaachia kiti cha plastiki, anapiga hatua tatu juu ya mkeka, kisha anakaa chini kwa kishindo, huku sauti ya dada ikisikika ikimshangilia. Mama huyo aliitazama video hiyo kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya daladala, akitoka kazini. Akaniuliza kama ni halali mwajiri kumkosesha mzazi jambo kama hilo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura 366, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar ina sheria yake), haikuweka likizo ya hatua ya kwanza wala ya neno la kwanza. Hata hivyo, muda uliowekwa kisheria ni mkubwa kuliko unaotumiwa. Nilipomuuliza mama yule kuhusu likizo yake ya mwaka, alijibu kwamba aliiuza. Likizo hiyo ni siku 28 mfululizo zenye malipo, na ni kweli kwamba mfanyakazi anaweza kukubali kufanya kazi katika kipindi hicho, ilimradi asifanye kazi miaka miwili mfululizo bila kupumzika. Sina haki ya kumlaumu mtu mwenye kodi ya nyumba ya kulipa. Ninachosema ni kwamba siku zikishauzwa kwa ridhaa, afisa kazi, yaani mtumishi wa serikali anayesimamia sheria za ajira, hana la kumdai mwajiri.

Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, au siku 100 iwapo wamezaliwa watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Mfanyakazi anatakiwa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, akiambatanisha cheti cha daktari, na anaweza kuanza likizo wakati wowote ndani ya wiki nne kabla ya tarehe hiyo, au mapema zaidi daktari akithibitisha kwamba afya yake au ya mtoto inahitaji hivyo. Katika wiki sita baada ya kujifungua haruhusiwi kurudi kazini bila uthibitisho wa daktari, na hata akirudi mapema, asipangiwe kazi za usiku kabla ya miezi miwili kupita, isipokuwa awe na cheti cha daktari kinachoonyesha kwamba hali yake inaruhusu. Taarifa ya mdomo kwa msimamizi wa zamu haitoshi. Tumelisema hili mara nyingi, na bado wapo wanaofika hapa na ushahidi wa ujumbe wa sauti tu.

Baada ya likizo, mwajiri anapaswa kumruhusu mama anyonyeshe ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Si hisani ya bosi, wala si dhambi ya kufidiwa kwa kubaki kazini jioni. Kwa mama anayeishi karibu na kazini, saa hizo ndizo zinazomkutanisha na mtoto akiwa macho, mchana, anapojaribu kukaa au kutambaa, badala ya kumkuta kila siku amelala.

Kwa akina baba, sheria inatoa angalau siku tatu zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Baba anayekuja mwezi wa pili kuziulizia amechelewa. Siku hizo ni jumla kwa mzunguko wa likizo wa miezi 36, yaani kipindi ambacho sheria huhesabia likizo hiyo, hata akizaliwa mtoto zaidi ya mmoja, na kuwa na wake wawili, kama tunavyoulizwa, hakuziongezi. Naomba swali hilo sasa lipumzike. Ni siku chache mno, nakiri, na ndiyo sababu nawasihi akina baba waitazame kwa makini likizo yao ya mwaka.

Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, uliofuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, ulionyesha kwamba watoto wenye afya hukaa bila kushikwa kati ya takriban miezi 4 na 9, na hutembea wenyewe kati ya takriban miezi 8 na 18. Hakuna anayeweza kutabiri siku, lakini mzazi aliyeomba likizo mtoto akikaribia mwaka mmoja ana nafasi nzuri zaidi kuliko anayeichukua Desemba kwa mazoea. Mwajiri ndiye mwenye uamuzi wa tarehe, kwa hiyo ombi lipelekwe mapema, kabla ratiba ya idara haijapangwa.

Haki hizi zikikataliwa, afisa kazi anaweza kumpa mwajiri amri ya utekelezaji, yaani agizo la kutimiza sheria. Anayetaka kufungua mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi, ajaze fomu namba moja, ampe mwajiri nakala, kisha aiwasilishe Tume pamoja na uthibitisho kwamba mwajiri ameipokea, ndani ya siku 30 kama ameachishwa kazi, au siku 60 kwa migogoro mingine.

Mama yule ana likizo nyingine mwakani, na mtoto bado hajaanza kuzungumza. Tuliandika ombi lake pale pale, nakala mbili, moja abaki nayo ikiwa na muhuri wa mwajiri na tarehe ya kupokelewa.