Acha kawa ipoe kwanza

Kazi yangu ni kuonja kawa hapa Bukavu, watu wakisikia wanacheka, ati unalipwa kwa kunywa? Sinywi jamani, nafyonza kwa kijiko kwa kelele kama mtoto na uji halafu natema. Mezani kunakuwa na vikombe vitano vya kawa ileile, kila kimoja gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji, na kila kimoja kimesagwa peke yake. Kwa nini vitano? Sababu ya kiazi.

Ndiyo, kiazi. Kawa ya huku kando ya Ziwa Kivu, pamoja na ya Rwanda na Burundi, ina balaa yake: unainamia kikombe unakutana na harufu ya kiazi kibichi kama kimemenywa sasa hivi. Anayelaumiwa ni kadudu kanaitwa antestia, kanatoboa tunda lingali mtini. Ukiinywa haikudhuru ila raha imekwisha. Punje moja tu inaharibu kikombe kizima wakati vile vinne vya pembeni vinanukia maua, na ikishakaangwa kwa macho huijui. Kwa hiyo nyumbani usisage mfuko mzima! Saga ya kikombe kimoja, weka pua, ukisikia kiazi mwaga, pangusa mashine, saga nyingine. Kuna wanunuzi wanaonja kikombe kimoja wanahukumu gunia zima, hao wananiudhi sana.

Halafu subiri. Maji nyuzi 93 hivi, siyo yale yanatokota, ngoja dakika nne, vunja lile gamba la unga linaloelea juu kwa mgongo wa kijiko huku pua iko hapohapo. Sasa usikimbilie kunywa, kawa ya moto sana inaunguza ulimi na inaficha kila kitu. Ile bourbon, aina ya kawa siyo pombe, ya kisiwa cha Idjwi niliyokaanga wiki jana, ikiwa moto ilikuwa kawa tu, ilipobaki vuguvugu ikaleta marakuja kabisa, ule uchachu wa kukaza mashavu, kisha utamu wa muwa ukabaki nyuma ya ulimi muda mrefu.

Nikampa mama mdogo, ambaye kwake kawa ni sukari vijiko vinne na ndazi. Akanywa, akanyamaza, akauliza: "Mwanangu, umetia ndimu?"

Sijatia kitu, mama.

Nusu akanywa hivyohivyo. Ile nusu ingine akavuta kopo la sukari.