Kifaa cha kusikia kikipiga mluzi, turudi kwenye chapa ya sikio

Mzee mmoja kutoka Tandahimba aliingia kliniki akiwa ameshika leso iliyofungwa fundo. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Hakuitikia. Hakunisikia. Akafungua fundo taratibu, akatoa kifaa cha kusikia, kile ambacho walimu wa elimu maalumu hukiita shimesikio, akakiweka mezani kama mtu anayerudisha kitu dukani.

"Kinapiga mluzi, mjukuu wangu," akasema kwa sauti kubwa. "Msikitini watu wote wananigeukia."

Mwanawe alikuwa amemnunulia mjini kwa fedha ya korosho. Mzee alikivaa siku tatu tu, kisha kikahamia kwenye leso. Nilikikagua: betri nzima, maiki nzima, sauti inatoka. Tatizo lilikuwa kwenye moldi, kile kipande kinachoingia sikioni. Kilikuwa kinacheza tunduni kama jino linalotaka kung'oka. Nikamwandikia kwenye karatasi: je, kabla ya kukabidhiwa kifaa, kuna mtu aliyemjaza dawa laini sikioni ikaganda kwanza? Akatikisa kichwa. Hakuna aliyefanya hivyo. Kipande kile hakikutengenezwa kwa sikio lake.

Kazi yangu hapa Mtwara ni kupima usikivu, na vifaa vya namna hii, vizima lakini vimefungwa kwenye leso au vimelala kabatini, ninavipokea kutoka Newala, Masasi, Nachingwea na hadi Kilwa. Inaniuma kwa sababu vilinunuliwa kwa jasho la watu. Ndiyo maana leo nataka kueleza kazi ya kuchukua chapa ya sikio, yaani kujaza tundu la sikio dawa laini inayoganda na kunakili umbo lake, ili moldi itengenezwe kwa umbo hilo, ili siku ukikaa wewe kwenye kile kiti, au ukimpeleka mama yako, ujue kinachofanyika na uweze kuuliza.

Kwanza mluzi wenyewe. Kila aliyehudhuria mkutano wa hadhara au harusi anaujua. Mshika maiki akisogea mbele ya spika, spika inalia mpaka watu wanaziba masikio. Sauti imetoka kwenye spika, imerudi kwenye maiki, imekuzwa upya, imetoka tena. Kifaa cha kusikia nacho kina maiki na spika, vyote ndani ya kitu kidogo kuliko kidole. Kinachozuia sauti isirudi kwenye maiki ni moldi kukaa barabara. Ikiacha mwanya, sauti inavuja na mluzi unaanza, na kadiri usikivu ulivyopungua, ndivyo kifaa kinavyohitaji nguvu zaidi na mwanya mdogo unavyoleta kero kubwa. Wengi hujitibu kwa kupunguza sauti. Mluzi unakoma kweli, ila na msaada wa kifaa unakoma pamoja nao.

Si kila mtu anahitaji moldi ya kutengenezewa. Ambaye usikivu wake umepungua kidogo anaweza kutumia vikofia laini vya mpira vinavyokuja tayari kwa saizi mbalimbali. Lakini kwa aliyepungukiwa sana, kwa mtoto, na kwa kifaa kinachotengenezewa mtu ili kizame chote ndani ya sikio, chapa haikwepeki.

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5, nalo halikunyooka. Limepinda mara mbili. Theluthi ya nje ni gegedu, sehemu inayobonyea, yenye nywele na tezi za nta. Huko ndani ni mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba mno; ukiigusa kidogo tu mtu anaruka. La kulia na la kushoto hayafanani, hata kwa mtu huyohuyo. Kwa hiyo moldi haiazimwi, na kaka hawezi kumrithisha mdogo wake.

Kabla ya dawa yoyote kuingia, mpimaji lazima achungulie sikio kwa kurunzi yake maalumu. Kwa mtu mzima analivuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke; kwa mtoto mchanga analivuta chini na nyuma. Anatafuta nta iliyoziba, kidonda, usaha, au kitu kilichosahaulika ndani. Nta nyingi itolewe kwanza na mtu aliyefundishwa. Hapa nawasihi ndugu zangu: acheni unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti na kofia ya kalamu. Acheni pia mafuta yaliyopashwa moto. Nta iliyokuwa mlangoni inasukumwa mpaka kwenye ngoma ya sikio, na ngoma hiyo ikichomwa inatoboka.

Sikio linalotoka usaha halichukuliwi chapa siku hiyo. Tunasimama hapo, na daktari wa masikio, pua na koo anashika hatamu. Hali ni hiyohiyo kwa sikio lililowahi kufanyiwa upasuaji au lenye ngoma iliyotoboka: daktari aamue kwanza kama chapa ichukuliwe, na kwa tahadhari gani. Kama una kisukari au unatumia dawa za kuzuia damu isigande, sema mapema, maana ngozi ya sikio lako inaweza kuchubuka au kuvuja damu kwa urahisi.

Ukanda wetu wa pwani una jambo lake. Tuna wazamiaji wa pweza na majongoo bahari, ambao masikio yao hubeba uzito wa maji kila siku. Tuna na watu waliowahi kuwa karibu na mlipuko wa baruti za uvuvi, na mlipuko wa karibu unaweza kupasua ngoma ya sikio mara moja. Kama ni wewe, mwambie mpimaji, hata kama ilitokea miaka 20 iliyopita. Hatukuulizi ili tukupeleke polisi. Tunauliza kwa sababu tunakaribia kuweka dawa laini kwenye tundu ambalo pengine mwisho wake uko wazi.

Nikifika hapa huwa sina haraka, maana hapa ndipo penye hatari. Mpimaji anachukua kipande kidogo cha pamba au sponji kilichofungwa uzi, anakisogeza taratibu kwa kijiti chenye taa mpaka kipite pindo la pili la tundu, na uzi unabaki ukining'inia nje. Hicho ndicho kizuizi. Kikiwa kidogo mno, dawa inapenya pembeni yake. Kikiwa kikubwa mno, hakifiki ndani inavyotakiwa, na chapa inatoka fupi. Dawa ikikipita, inaweza kugandia kwenye ngoma. Na ngoma ikiwa na tundu, inaingia sikio la kati, kwenye vile vifupa vitatu vidogo vinavyopitisha sauti. Ikigandia huko haitoki kwa kuvutwa. Inahitaji upasuaji. Ni nadra, lakini hutokea, na mara nyingi kwa sababu kuna mtu aliyeharakisha.

Kwa hiyo una haki ya kuuliza: "Umeshaweka pamba yenye uzi?" Mpimaji mzuri hatakasirika. Angalia na mkono wake. Anapoingiza kitu sikioni mwako, vidole vyake viwe vimeegemea shavu au kichwa chako, ili ukishtuka, mkono uende pamoja nawe. Mkono unaoelea hewani usiukubali. Kama umekohoa wakati kizuizi kinaingia, usiogope: kuna mshipa wa fahamu unaopita ukutani mwa tundu, na baadhi yetu tukiguswa pale tunakohoa.

Dawa yenyewe ni silikoni ya aina mbili zinazochanganywa kwa vipimo sawa mpaka rangi iwe moja, bila michirizi. Kuchanganya kunachukua kama nusu dakika, kisha inapakiwa kwenye bomba kama la sindano, lisilo na sindano. Mambo mawili huiharibu hata mikononi mwa mtu mwangalifu. La kwanza ni glovu. Mpira wa glovu za kawaida hukomazwa kwa salfa, hii hii tunayopulizia mikorosho, na salfa inazuia aina fulani ya silikoni isigande. Inabaki kunata kama ulimbo. Ndiyo maana utatuona tukivaa glovu za aina nyingine. La pili ni joto. Silikoni huganda haraka kwenye joto, na Desemba ya Mtwara kila mtu anaijua. Mpimaji akichelewa kidogo, dawa inaanza kukaza ikiwa bado kwenye bomba, na chapa inatoka na mikunjo. Sisi huhifadhi makopo mahali penye ubaridi, na hatuchanganyi mpaka mgonjwa awe amekaa tayari.

Ncha ya bomba inaanzia ndani karibu na kizuizi na kurudi nyuma polepole, ikiwa imezama kwenye dawa muda wote ili hewa isinaswe. Dawa inajaza tundu, kisha kibonde cha nje na mikunjo yake. Baada ya hapo isikandamizwe kwa kiganja. Utahisi ubaridi na kujaa, na sikio hilo litakuwa kimya kama umepiga mbizi. Kwa mtu ambaye tayari hasikii vizuri, kimya hicho kinatisha, hivyo tukubaliane ishara za mkono kabla: kiganja juu maana yake kuna maumivu; kidole gumba maana yake endelea. Nimewaona wagonjwa wakivumilia maumivu kwa sababu tu hawakujua wamwambie nani.

Sasa mdomo. Weka ncha ya kidole kwenye mlango wa tundu la sikio lako, usikizamishe, kisha fungua mdomo na kuufunga. Umesikia ukuta ukisogea? Kiungo cha taya kiko mbele kabisa ya tundu la sikio, na taya likishuka, umbo la tundu linabadilika. Mtu aliyechukuliwa chapa akiwa ameng'ata meno kimya atapata moldi inayomfaa akiwa kimya. Akianza kula ugali na kisamvu, au kupiga soga barazani, mwanya unafunguka na mluzi unarudi. Kwa wenye upungufu mkubwa tunawapa kitu cha kung'ata ili mdomo ubaki wazi wakati dawa inaganda. Na kama mzee anavaa meno ya bandia, aje nayo, ayavae siku hiyo. Jambo hili linasahauliwa mno, na ni watu wa nyumbani wanaoweza kulikumbuka.

Baada ya dakika chache mpimaji anabonyeza kwa ukucha. Alama isipobaki, imeganda. Analegeza sikio, anakuomba ufungue na kufunga mdomo ili hewa iingie, kisha anaizungusha chapa itoke na uzi wake na pamba yake. Haivutwi kwa nguvu. Halafu anachungulia tena kuhakikisha hakuna kilichobaki. Wekundu kidogo ni kawaida, unaisha wenyewe.

Chapa nzuri ina pindo zote mbili, haina matundu ya hewa wala mkunjo, na pamba iko mwishoni. Ikiwa na kasoro, irudiwe hapohapo. Najua mtu aliyetoka Liwale na ana basi la kuwahi hapendi kusikia hivyo. Lakini dosari iliyopo kwenye chapa ndiyo itakayokaa kwenye moldi, kisha sikioni.

Chapa husafirishwa kwenda maabara kwenye kikasha kigumu kisichoibana, imeandikwa jina na upande, kulia au kushoto, na isiachwe juani kwenye kioo cha gari. Maabara nyingi siku hizi huipiga picha kwa leza na kuichapa moldi kwa mashine. Inaweza kuwa ngumu ya akriliki au laini ya silikoni, na mara nyingi huachiwa kitundu chembamba cha hewa, kwa sababu bila hicho sauti yako mwenyewe inakurudia kama umeingiza kichwa mtungini.

Wenye watoto, sikio la mtoto linakua, na la mtoto mchanga linakua haraka: mwaka wa kwanza anaweza kuhitaji moldi mpya kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kifaa kilichokuwa kimya kikianza mluzi, usidhani kimeharibika au mtoto amekichezea. Mlete achukuliwe chapa nyingine. Na ulizieni bei ya moldi tangu siku ya kwanza, mjipange, maana wapo waliopata kifaa cha msaada wakakwama kwenye moldi ya pili.

Pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya cha karibu. Ukiandikiwa rufaa kwenda hospitali ya Ligula hapa Mtwara au ya Sokoine kule Lindi, nenda ukiwa na kifaa chako cha zamani, hata kama umekikatia tamaa.

Yule mzee wa Tandahimba tulimtoa nta, tukamchukua chapa masikio yote mawili, akarudi moldi zilipofika. Siku nane baadaye akaja tena. Mluzi haukuwepo, ila kibonde cha juu cha sikio la kushoto kilikuwa chekundu na kinauma. Mkwewe alitaka kuikwangua moldi kwa wembe, yeye akamkatalia, akapanda basi. Tulisaga pale palipokuwa panagusa, tukapalainisha, akavaa. Nilikuwa nimempa mgongo, natafuta daftari lake kabatini, nikakumbuka kwamba kwa haraka ya asubuhi sikuwa nimemwamkia. "Shikamoo babu," nikasema bila kugeuka.

"Marahaba, mjukuu wangu."