Kaburi lenye kifuniko kilichokatwa: matembezi ya mawe ya Merrivale

Kila nikipeleka wageni Merrivale, kwenye nyika ya Dartmoor kusini-magharibi mwa Uingereza, sianzi na safu za mawe walizozifuata. Nawapeleka kwanza kaburini. Ni sanduku la mawe lililozamishwa ardhini, na kifuniko chake ni bamba nene la itale. Bamba hilo limekatwa: ncha mbili zipo, katikati hamna kitu. Kipande kile kilichukuliwa karne ya 19 kikawa nguzo ya lango.

Mimi ni mwanaakiolojia, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusoma alama za tindo. Mawe yaliyotapakaa hapa yanajieleza kwa anayejua kuyapapasa. Ukipitisha kidole ukingoni mwa jiwe ukakuta vijishimo virefu, vyembamba, visivyo na kina, ujue jiwe hilo lilipasuliwa kwa kabari kabla ya mwaka 1800 au karibu na hapo. Ukikuta nusu-duara laini, kama bomba lililochanwa kwa urefu, hiyo ni mbinu ya baadaye: fundi alitoboa matundu mstari mmoja, akatia kila tundu vipande viwili vya chuma na kabari katikati, akazigonga kwa zamu, moja baada ya nyingine, mpaka jiwe likaachia lenyewe.

Itale ya Dartmoor ina umri wa miaka milioni 280 hivi. Aliyekulia Mwanza hatashangaa kuona majabali ya Great Mis Tor yamepandana juu ya kilima, maana yalipatikana kwa njia ileile: mwamba ulioza chini ya ardhi kufuata nyufa zake, kisha udongo ukaondoka, vikabaki viini vigumu.

Safu kuu ni mbili, kila moja ya mistari miwili ya mawe inayokwenda sambamba, kutoka mashariki hadi magharibi. Ya kaskazini ina mita 180 hivi, ya kusini inapita 260. Mgeni anayetarajia minara huvunjika moyo, kwa sababu mengi hayafiki kiunoni. Nawaambia waingie katikati ya mistari watembee polepole, kimya, mpaka mwisho. Safu hizi hazifahamiki kwa kuangaliwa kutoka pembeni. Kusini yake kuna duara la mawe 11 na jiwe moja refu lililosimama peke yake, zaidi ya mita 3. Waliovisimamisha waliishi zaidi ya miaka 3,500 iliyopita.

Mifupa yao ni nadra kuikuta, kwani udongo huu una asidi na huila. Lakini mboji yenye maji hutunza vingine. Mwaka 2011 kaburi la sanduku la mawe kama hili la Merrivale lilifukuliwa Whitehorse Hill, kaskazini mwa Dartmoor. Majivu ya marehemu yalikuwa yamefungwa katika ngozi ya dubu, pamoja na shanga za kaharabu na bati. Tangu hapo siwezi kupita kwenye sanduku tupu la Merrivale bila kuwaza kilichokuwamo.

Kati ya safu mbili unapita mfereji mwembamba wa maji, uliochimbwa karne nyingi baadaye. Hatua chache kutoka hapo kuna misingi ya duara ya nyumba za kale. Inasimuliwa kwamba tauni ilipoingia mji wa Tavistock mwaka 1625, wakulima waliacha vyakula hapa, watu wa mjini wakaja kuvichukua na kuacha fedha bila kukutana ana kwa ana. Ndiyo maana pakaitwa Soko la Tauni.

Wenzangu wengine wakifika kwenye kaburi lile hulaani fundi. Hasara ni hasara, siipingi. Ila nguzo ya lango nayo ni historia ya hapa, na mimi hutumia muda uleule kwa tindo ya karne ya 19 kama kwa safu za kale.

Ukungu ukishuka, nami hurudi kwa kufuata mawe ya njia ya zamani kati ya Tavistock na Ashburton, yaliyochongwa T upande mmoja na A upande wa pili. Kuvu imefunika baadhi ya herufi. Huwa naweka kiganja kwenye jiwe baridi, natafuta kwa vidole ule mstari wa juu wa T, nikiupata naendelea.